Kilio Mbele ya Mulango wa Vitabu

Muke wangu aliitwa Cibalonza. Kadutu nzima, mutaa wetu, walimuita Maman Bitabu. Alichunga chumba cha kusoma cha commune, serikali ya mutaa, kile chenye mulango wa bluu, juu ya ngazi za soko. Alikichunga mpaka siku ile alipoanguka kwenye njia ya Bagira. Wapita njia walimukuta ameketi chini, ameegemea ukuta wa nyumba ya watu, mufuko wa vitabu ameupakata ili usiloane. Hakusema tena.

Nitaandika juu yake kidogo. Mimi si mutu wa maneno. Herufi nilizo nazo ni zile alizonipa yeye, jioni, kwenye benchi ya nyuma, watoto wakisha kutoka.

Alizaliwa Nyantende, kwa wakulima. Alisoma mpaka ya sita, baba yake akasema kwa mutoto mwanamuke inatosha. Nilipomuoa nilikuwa fundi mbao. Commune iliniita nitengeneze etajeri za chumba hicho, za kupanga vitabu. Yeye alileta chakula cha saa sita. Aliweka sahani chini, hakurudi nyumbani. Alisimama mbele ya makasha yaliyokuwa hayajafunguliwa, akauliza ndani kuna nini. Siku hiyo nilikula peke yangu.

Muchungaji wa chumba wakati ule alikuwa muzee wa serikali. Alitafuta mutu wa kufagia. Cibalonza akafagia. Baadaye muzee alikuwa anasinzia, na Cibalonza anawapa watoto vitabu. Muzee akafa. Commune haikutuma mutu mwingine. Ufunguo ukabaki kwa muke wangu. Hakuna aliyemupa, hakuna aliyemunyang'anya. Kwetu kazi ya serikali ndivyo inavyokwenda, inabaki na yule aliyesimama karibu nayo.

Mushahara ulikuja. Kisha ulikuja nusu. Kisha haukuja. Akakaanga mandazi, akayauza mbele ya mulango, faida ikawa gundi na uzi wa kushonea vitabu. Kando ya mulango aliweka beseni la maji, kwa sababu watoto wa soko wanafika na mikono yenye harufu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Hukunawa, hukuingia. Mutoto akipasua ukurasa hakumupiga. Alimukalisha kando yake, wakaugundisha pamoja, polepole, mpaka mutoto anachoka na ubaya wake.

Mujini viko vyumba vingine kama hicho. Kiko cha Bagira, kiko cha Panzi, na vingine. Kila kimoja kilikuwa kinakufa peke yake. Yeye alisema haiwezekani, hivi ni vyungu vya jiko moja. Vitabu ambavyo watoto wa Kadutu wamevimaliza alivitia mufukoni, akavipeleka Bagira kwa Maman Chantal, muchungaji wa huko, akarudi na vya Bagira. Kwa miguu, mulima kwa mulima, matope yakiwa matope.

Na kila mwaka, wakati wa kupanga budget, alivaa kikwembe cha kanisani akaenda commune kuomba. Maombi yake hayakubadilika. Mabati mapya, maana mvua ilikuwa inasoma vitabu kabla ya watoto. Mushahara wa muchungaji, hata kama si yeye. Na moto moja, pikipiki ya kuzungusha vitabu mujini mwote. Mabourgmestre, wakubwa wa commune, walibadilika, jibu halikubadilika. Mama, iko njiani. Alirudi nyumbani, akavua kikwembe, akakikunja vizuri, akaniambia: "Bamenikubalia tena." Tukacheka.

Tulimuzika kwenye makaburi ya Ruzizi, mvua ikinyesha.

Nyumba yetu iko kwenye muteremuko. Ukiweka kiti nje, muguu moja unabaki hewani. Watu wa kilio, wa matanga, hawangeenea. Kwa hiyo tulifunga shitingi, turubai la plastiki, kwenye kiwanja cha chumba cha kusoma, tukapanga viti vya plastiki vya kukodi, na wamama wakawasha moto wa bugali pale alipokuwa anauzia mandazi. Hatukufikiri kitu kingine.

Kesho yake akafika Mardochée.

Mardochée anauza mabati na simenti chini kwenye barabara. Kila nyumba ya Kadutu ina bati lake juu, au ina deni lake. Alifika na shefu wa avenue, mukubwa wa barabara yetu, na polisi wawili, na mukononi kadenasi, kufuli mpya, bado imefungwa kwenye plastiki yake. Alikuwa amesikia kama muchungaji amekufa. Aliwaza atakuta kiwanja kitupu. Alitukuta sisi.

Wamama walikuwa wanaimba, wakanyamaza.

Mbele ya mulango wa bluu alisimama Chancelle. Ni binti aliyesomea ualimu, hana kazi, alikuwa anamusaidia muke wangu mchana. Mardochée alieleza, bila kupandisha sauti, kama parcelle hii, kiwanja chote, anainunua. Kuna ofisi ilimupa makaratasi. Imebaki signature ya bourgmestre tu. Sasa muchungaji hayuko, naye amekuja kufunga, wasije wezi.

Nilitazama ile kadenasi. Ilikuwa kubwa, ya geti.

Kisha mama moja muzee aliinuka, akachukua beseni, lile lile la Cibalonza, akamupelekea maji. Ndiyo desturi. Mutu akifika kwenye kilio ananawishwa mikono, hata kama ni adui. Mardochée alitazama maji. Alivua kofia. Akanawa. Akaketi, polisi nao wakaketi, wakaletewa bugali na sombe ya majani ya muhogo, wakala.

Alipomaliza alikuja kwangu, akanishika mukono kwa mikono miwili.

"Pole, Papa Camille. Miye siwezi kufunga nyumba iko na kilio. Nitangoja muondoe."

Akatia kadenasi kwenye mufuko wa koti. Koti likavutwa upande moja. Akaondoka hivyo, amepinda.

Kwetu kilio kinaondolewa siku mujane ananyolewa. Kabla ya wembe kugusa kichwa changu, kilio kingali. Tangu siku ile Kadutu yote ilitazama nywele zangu.

Chancelle ndiye aliyelianzisha jambo lenyewe. Maman Chantal wa Bagira alikuja kulia, wakaongea wawili kwenye kona, kisha wakaja kwangu. Walisema mairie, serikali ya muji, itakaa karibuni kupanga budget ya muji. Wao wataingia na barua ya vyumba vyote vya kusoma, waombe kila mwaka muji uweke kitu kwa ajili yavyo, na parcelle hizo ziandikwe kuwa za watu, zisiuzwe. Wakisikilizwa, Mardochée hana njia. Lakini kikao kikikuta kadenasi iko tayari kwenye mulango, watawaambia munaomba nini tena, pale ni kwa mutu.

Kwa hiyo, Papa, usinyoe.

Sikunyoa.

Kikao kiliahirishwa. Wakasema juma lijalo. Juma lijalo wakasema lijalo. Mvua ilijaza shitingi, ikatengeneza tumbo, vijana wakaisukuma na fimbo ili maji yamwagike. Mwenye viti alikuja kutazama viti vyake, akaviangalia kama mutu anayeangalia ng'ombe wake kwa jirani. Unga ulianza kuhesabiwa kwa kikombe. Wanaume walileta karata. Mwingine akaleta radio. Nilisikia watu wanabishana juu ya bourgmestre, juu ya mairie, juu ya nani atakula pesa ya Mardochée. Jina la Cibalonza sikulisikia siku nzima.

Mardochée alipita kila asubuhi akienda dukani. Alisalimia vizuri. Alitazama kichwa changu.

"Papa, haunyoe ata ndebu tu?"

Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Koti lilikuwa lingali limevutwa upande.

Ndani, chumba kilivuja. Chancelle alihamisha vitabu kutoka etajeri ya ukuta mpaka ya katikati, akavifunika na kikwembe cha kanisani cha muke wangu. Sikumukataza. Lakini nilitoka nje.

Kisha akateremuka Gracien kutoka Nyantende. Ni kaka mukubwa wa Cibalonza, mulimaji, mutu wa mikono mikubwa. Alikuwa amekuja kwenye mazishi, akarudi kwa mashamba yake, akangoja aitwe kuondoa kilio. Hakuitwa. Sasa alikuja bila kuitwa. Alisimama chini ya shitingi, akaona karata, akasikia radio. Mutu akaizima. Alisema mbele ya wote:

"Dada yangu haiko lupango. Mumemusimamisha hapa kama miti ya kuzuia mbuzi. Mutu amekufa, mumuache aende."

Hakuna aliyemutazama. Mimi nilikuwa na neno moja la kumujibu, na ni kwamba alikuwa na haki. Sikulisema. Nilitazama mulango wa bluu. Nikiondoa kilio, kazi yake inafungwa na kadenasi ya geti. Nisipoondoa, yeye mwenyewe hapumziki. Sikujua nimukosee yupi, Cibalonza aliye ndani ya chumba au Cibalonza aliye Ruzizi.

Tulikaa hivyo. Gracien hakuondoka. Alilala kwa shemeji wa jirani, akaja kila asubuhi, akaketi mbele yangu.

Ijumaa moja, kabla ya saa sita, wapagazi wa Mardochée walipanda ngazi na mbuzi. Beberu mukubwa, mweusi, shingo nene. Nyuma yake gunia la unga, na mabidon ya kasiksi, pombe ya ndizi, ile nzuri ya Kabare. Wakatoa ujumbe. Mardochée ameona familia imechoka. Mardochée anamuheshimu Maman Bitabu. Kilio hiki atakiondoa yeye, kwa mali yake, watu wale washibe, familia isitoe hata chumvi. Na bourgmestre amemualika yeye mwenyewe, atakuja.

Watu walielewa. Mujini mutu akitaka kupita mulango mugumu, analeta kikubwa kuliko wote, na wote wananyamaza wakitafuna. Bourgmestre atakula, atanawa, atatia signature papo hapo.

Chancelle alisema mbuzi arudishwe. Wengi walisema hivyo, ingawa macho yao yalikuwa kwenye mabidon. Mbuzi alifungwa kwenye muti wa shitingi, akaanza kula karatasi.

Gracien alimutazama yule mbuzi sana. Akaniuliza polepole kama nilimuomba Mardochée kitu. Nikasema hapana. Akauliza kama mutu yeyote wa familia alimuomba. Hapana. Akawauliza wapagazi kama ni Mardochée mwenyewe, kwa mudomo wake, alisema atakiondoa yeye kilio. Wapagazi waliitika, ndivyo alivyosema.

Akanivuta nyuma ya chumba, kwenye mufereji.

Aliniambia kitu ambacho nilikijua zamani, nikakisahau. Kwao, mutu hawezi tu kuondoa kilio cha mwenzake. Nyama ya kuondoa kilio inaletwa na mutu moja, na huyo moja ndiye muriti, murithi wa marehemu. Aliyeleta nyama anabeba alichoacha marehemu, mashamba na madeni, watoto na wazee. Ndiyo maana ndugu wanapigania kuileta, au wanaikimbia. Mujini watu wanachangachanga, kila mutu noti yake, na desturi imelala. Lakini Mardochée hakuchanga. Ameleta pekee, na amelisema.

"Baba yake Mardochée alitoka Walungu," Gracien akasema. "Anajua. Kuuza mabati kumemusahaulisha tu."

"Na akikataa?"

"Akikataa, tumepoteza. Tumenyoa bure." Alitema mate kwenye mufereji. "Lakini atakataa mbele ya batu bako na nyama yake mudomoni."

Nilifikiri. Desturi mujini ni kama koti la mitumba, mutu analivaa likimuenea, lisipomuenea analirudisha. Mardochée ana makaratasi. Ana polisi. Sisi tuna mbuzi wake.

Gracien akanionya jambo moja. Hakuna wa kuambiwa. Soko likijua, Mardochée atajua kabla ya jua kupinda, na atatuma watu kumi waseme mbuzi walimuchangia wote.

Nikarudi chini ya shitingi. Nikasema kesho Jumamosi tunanyoa.

Manung'uniko yakaanza. Mutu alisema muzee amelewa kabla pombe haijafunguliwa. Mwingine akasema pombe inafungua hata mulango wa maiti. Chancelle alikuja mbele yangu. Hakulia.

"Papa, ukinyoa, chumba kimeenda. Kazi yake yote."

Sikumujibu. Kumujibu kungekuwa kumuambia. Alinitazama, akangoja, akanipa mugongo. Jioni hiyo wamama walipakua chakula, sahani yangu haikuja. Gracien aligawanya yake na mimi. Mbuzi alilia mpaka giza likaingia.

Jumamosi watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Kulikuwa salongo, kazi ya usafi ya asubuhi, wengi walifika na majembe yao ya kuzibua mifereji, wakabaki wameyaegemea. Wamama wa soko walikuja na vikwembe vyao vya kilio. Maman Chantal alitoka Bagira kwa miguu. Bourgmestre alifika na gari, akaliacha chini, akapanda ngazi akihema, pamoja na katibu wake aliyebeba faili. Mardochée alimupokea, akamukalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Naye akaketi kando yake. Koti lake lilikuwa lile lile.

Mbuzi alichinjwa. Nyama ikaiva. Kasiksi ikazunguka. Mardochée alikula, akawaambia watu wale, wasiogope, ipo nyingi. Watu walikula bila kumutazama. Katibu aliweka faili kwenye magoti, akafuta mafuta vidoleni kwa uangalifu.

Kisha nikaketi kwenye benchi, ile ya nyuma ya chumba, niliyoitengeneza mwenyewe. Gracien akanipaka sabuni. Wembe ulianza juu ya sikio. Nilisikia Chancelle anatoka, hakutaka kuona. Nywele zilianguka kwenye kitambaa. Niliwaza, ikiwa Gracien amekosea, mimi ndiye nimefunga mulango huu kwa kichwa changu. Hakuna atakayejua kwa nini. Watasema alimuuza muke wake kwa supu.

Gracien akamaliza. Akaosha wembe. Akaniambia kwa kimashi, lugha ya kwao, inuka, umetoka kwenye kilio.

Kisha akageukia watu, akauliza kwa sauti ya mutu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde: aliyeleta mbuzi ni nani.

Mardochée aliinuka. Alitabasamu kidogo. Shefu wa avenue akapiga makofi, wengine wakafuata bila nguvu.

Gracien akauliza, ameleta na nani. Mardochée akasema peke yake, ni mukono wake. Gracien akauliza, unga. Peke yake. Kasiksi. Peke yake. Kila jibu lilikuwa na kiburi zaidi ya lililotangulia. Wamama wazee wawili kutoka Nyantende, waliokaa mbele, waliacha kutafuna. Walitazamana.

Gracien akashika ungo. Ndani aliweka ufunguo wa mulango wa bluu, na mufuko wa vitabu wa Cibalonza, ule wa njia ya Bagira, bado na matope. Akausogeza mbele ya Mardochée kwa mikono miwili, amepiga goti moja.

Mardochée aliona ufunguo. Ufunguo ndio aliokuja kuutafuta tangu siku ya kwanza. Akanyoosha mukono, akauchukua. Mufuko nao akaupokea, akaupachika begani, kwa heshima tu, maana ulikuwa mbele yake.

Wamama wa Nyantende wakainuka. Walipiga vigelegele, wakapiga makofi yale ya polepole, mikono imepinda, ya kumusalimia muriti. Wamama wa soko waliotoka vijijini wakaelewa kwanza. Kisha makofi yakateremuka ngazi kama maji.

Gracien hakupandisha sauti sasa.

"Cibalonza hakuacha shamba. Aliacha hiki chumba, na bitabu, na batoto bote, na mutu wa kubichunga. Bati inavuja. Umekula, umepokea. Ni weye tunakuachia."

Mardochée alitazama mukono wake wenye ufunguo. Tabasamu lilibaki usoni kama kofia iliyosahauliwa. Alisema yeye ana makaratasi.

"Makaratasi hayakuleta mbuzi," Gracien akasema.

Nilisikia mafuta yanalia kwenye chungu. Polisi moja alitazama mwenzake, mwenzake alikuwa na mufupa mudomoni. Mardochée alifungua mudomo. Niliona neno linakuja. Nilijua ni neno gani. Macho yake yakapita juu ya wamama wa soko, moja moja. Wale ndio wanaonunua mabati yake. Mutu anayekataa kilio alichokiondoa mwenyewe, nani atalala chini ya bati lake?

Akamugeukia bourgmestre, kama mutu anayetafuta ukuta wa kushika.

Bourgmestre alikuwa ananawa. Hakuwa na haraka. Alitazama watu, mpaka wale wa kwenye ngazi na majembe yao. Akamurudishia katibu taulo. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ile karatasi bado haina signature yake, na sasa haoni itasaidia nini.

"Mutu hanunuaki uriti wake," akasema.

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Katibu akafunga faili. Mardochée hakucheka. Shingo yake ilikuwa na jasho.

Alitembea mpaka kwenye mulango. Chancelle alikuwa amerudi, amesimama pale. Alimupisha. Mardochée akafungua kwa ufunguo, akaingia peke yake, mufuko wa muke wangu ungali begani. Alikaa ndani. Hatukujua anafanya nini. Shefu wa avenue akataka kumufuata, Gracien akamuwekea mukono kifuani.

Alipotoka alikuwa anatazama juu, kwenye paa.

"Hii bati ni ya lini," akasema. "Hii haifai ata kwa kuku."

Alitoa kadenasi kwenye koti, akaitazama, akamupa Chancelle. Pamoja na ufunguo. Kisha mufuko akanirudishia mimi. Akateremuka ngazi, sasa koti limekaa sawa.

Chancelle alikuja kwangu, akataka kusema. Nikamuambia alete sahani, nina njaa.

Mabati yalifika mwezi uliofuata. Si yale mazito. Lakini hayavuji. Mardochée aliomba jina lake liandikwe juu ya mulango, na limeandikwa, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Ninaweza kulisoma kutoka kwenye ngazi. Jina la Cibalonza haliko. Sijasema kitu.

Kikao cha mairie mwishowe kilikaa. Chancelle na Maman Chantal waliingia na barua yao. Waliulizwa kwa nini muji utie pesa kwenye vyumba vya kusoma wakati kuna wafanyabiashara wanaoviriti. Wakajibu, kwa sababu si kila chumba kitapata mbuzi. Nasikia wakubwa walicheka. Vyumba vimewekwa kwenye budget. Kidogo. Mushahara wa Chancelle unakuja mwezi fulani, mwezi mwingine haukuji. Parcelle imeandikwa kuwa ya watu. Karatasi hiyo nimeiona, imetundikwa ukutani, mbali na beseni.

Moto ya kuzungusha vitabu, wanasema iko njiani.

Mardochée anapita kila asubuhi. Mara nyingine anaingia. Wamemufundisha kunawa. Anauliza kama watoto wako, anatazama paa lake, anatoka. Siku moja aliniuliza kama nina kinyongo naye. Nikamuambia etajeri ya ukutani imeoza na maji, alete mbao, mimi nitatengeneza. Ameleta.

Nywele zangu zimeota tena, zote nyeupe. Hakuna mutu anayezitazama.

Mufuko wa Cibalonza niliufua. Matope yalitoka, alama ya muchirizi ilibaki. Chancelle anautia vitabu vya Kadutu vilivyokwisha kusomwa, ananisaidia kuupandisha begani. Ninashuka ngazi, ninashika njia ya Bagira. Pale kwenye ukuta wa watu ninaketi kidogo, ninaupakata. Kisha ninaendelea, maana Maman Chantal anafunga mapema.